Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu: Mwanangu hakufukuzwa shule, alihamishwa tu

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Na kwa Kamishna wa Elimu.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mama wa mtoto wa darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali, Manispaa ya Morogoro. Mwanangu anasoma hadithi nzima peke yake na hesabu za kugawanya hazimpigi chenga, lakini hawezi kukaa kwenye dawati kipindi kizima, hawezi kusubiri zamu yake, na akikasirika hurusha kilichomo mkononi kabla yeye mwenyewe hajatambua kuwa amekirusha. Katika miaka yake michache ya shule amekwishapita shule mbili, na sasa naombwa kwa upole nimtafutie ya tatu. Hakuna karatasi yoyote ya serikali inayosema kuwa amefukuzwa. Katika mfumo wa PReM, unaotunza kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, inasomeka kuwa alihama kumfuata mlezi. Mlezi wake ni mimi, na mimi sijahama. Tunaishi katika nyumba ile ile tuliyokuwamo alipoandikishwa darasa la awali.

Uhamisho wa namna hiyo ndio ulionifanya niandike kwenu hadharani. Kumfukuza au kumsimamisha mwanafunzi kuna kanuni zake, zilizotolewa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu, na mwalimu mkuu anayetaka kufika huko hana budi kuandika sababu, kuihusisha kamati ya shule na kuwa tayari kuulizwa na walio juu yake. Uhamisho unaoombwa na mzazi hauna mlolongo huo. Mzazi huitwa ofisini, hukaribishwa kiti, na huelezwa kwa lugha ya heshima kwamba mazingira ya shule hayamfai mtoto, kwamba walimu wamejitahidi, kwamba madarasa yamejaa, na kwamba pengine shule fulani yenye wanafunzi wachache ingemsaidia zaidi. Akiitikia, kinachobaki ni namba ya PReM na vitufe vya kubonyeza. Shule inapumua, mzazi anaondoka bila kugombana na mtu, na ninyi mlioko Dodoma mnaletewa takwimu zisizoonyesha kuwa kuna mtoto yeyote aliyeshindikana. Sidhani kama yupo afisa elimu anayeweza kuwaeleza ni watoto wangapi wa halmashauri yake huzungushwa hivyo kila mwaka, kwa kuwa hakuna aliyeagizwa kuwahesabu.

Niruhusuni nimweleze kidogo mtoto mwenyewe. Siombi huruma, naona tu kuwa mazungumzo kuhusu watoto hawa huharibika pale watu wanapozungumzia utovu wa nidhamu bila kuwa na mtoto yeyote mahususi mbele yao. Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu alilazwa kwa malaria kali iliyompanda kichwani. Alipata degedege, akapoteza fahamu, na siku aliporuhusiwa kutoka wodini ndugu na majirani walikuja kutupa pole na kumshukuru Mungu, nasi tukashukuru pamoja nao. Tafiti zilizofanywa Kilifi nchini Kenya na Kampala nchini Uganda zimeonyesha kuwa baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubaki na matatizo ya umakini, ya kumbukumbu, ya lugha au ya tabia, na kwamba mengine hayaonekani mpaka mtoto aanze shule, anapodaiwa kwa mara ya kwanza kukaa kimya, kusikiliza na kufuata maelekezo ya mtu mmoja aliye mbali naye. Siwezi kuapa kuwa hicho ndicho chanzo cha hali ya mwanangu, na daktari aliyemwona naye hakuapa. Aliandika kwamba mtoto ana tatizo la kukosa utulivu na umakini, akashauri shule ishirikishwe katika kumsaidia. Dawa za hospitali, miadi ya kliniki, nauli, hayo yote tumeyamudu kwa namna moja au nyingine. Kilichokwama ni huo ushauri wa kuishirikisha shule.

Na si watoto wa namna yake peke yao. Wapo wenye usonji ambao hakuna aliyewahi kuutambua. Wapo wenye kifafa kile kisichoangusha, ambapo mtoto huzubaa kwa sekunde chache, na mwalimu aliyemuuliza swali akamwona mjeuri. Wapo wasiosikia vizuri kwa sababu ya masikio yaliyotoka usaha tangu utotoni, wapo wanaokuja shule na njaa, na wapo wanaofanyiwa ukatili nyumbani wasioweza kuusimulia isipokuwa kwa ngumi na matusi. Kwa mwalimu aliye mbele ya wanafunzi zaidi ya mia, wote hao wana sura moja: wanasumbua. Kuwatenganisha kunahitaji uchunguzi, na hatua za kwanza za uchunguzi huo wala hazihitaji mashine. Zinahitaji mtu apime macho na masikio, aulize historia ya ugonjwa, aulize nyumbani kukoje, kisha aandike alichokiona badala ya kuandika alichokikasirikia.

Asubuhi moja nilipewa ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa lake. Walikuwa wanne kwenye dawati la watoto watatu. Mwalimu aliandika hesabu ubaoni, mwanangu akazimaliza mapema, zote zikiwa sahihi, akanyoosha mkono. Mwalimu hakumwona, na asingeweza kumwona, kwa kuwa alikuwa ameinama upande wa pili wa chumba akimsaidia mtoto mwingine asiyejua hata kuchora mstari. Mwanangu akaanza kutikisa dawati. Wenzake wakaharibu maandishi, wakalalamika. Mmoja akamfinya, yeye akachukua penseli ya aliyemfinya, wakavutana, darasa likacheka, na kicheko hicho cha darasa zima ndicho kilichomwasha: akarusha kichongeo, kikampata msichana wa dawati la mbele juu ya jicho. Akatolewa nje. Alikaa barazani akichora mavumbini kwa kijiti mpaka kipindi kilichofuata, ambacho kilikuwa cha Kiswahili, kilipokwisha. Katika daftari la shule tukio hilo linaanza pale kichongeo kiliporushwa. Aliyekaa nyuma aliona kuwa lilianza pale mtoto alipomaliza kazi akakosa la kufanya, na kwamba kati ya hapo na kichongeo zilipita dakika za kutosha kabisa kwa mtu mzima kuingilia, kama angekuwepo mtu mzima wa pili.

Sisemi hayo ili kumlaumu mwalimu. Kiwango chenu wenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na nyote mnajua madarasa ya mijini yamefika wapi tangu elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016. Sisemi vilevile kwamba msichana yule hakuumia. Mama yake alikuja shuleni akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Mtoto wake ana haki ya kurudi nyumbani na macho yake yote mawili. Mzazi wa mtoto kama wangu ambaye haoni upande huo hatasikilizwa na mtu. Lakini angalieni pia kuwa kumpeleka mwanangu shule ya jirani hakumlindi mtoto yeyote. Kunambadilisha tu yule atakayeumizwa.

Nilipopeleka cheti cha daktari shuleni, mwalimu mkuu, ambaye ni mtu muungwana na ninasema hivyo bila kusukumwa, alifungua fomu ya takwimu za wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Kulikuwa na safu ya wasioona na wenye uoni hafifu, safu ya viziwi, ya ulemavu wa viungo, ya ualbino, ya ulemavu wa akili, ya usonji. Alipitisha kalamu juu ya safu hizo kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi, kisha akaniuliza, “Mama, huyu nimwandike wapi?” Akamwandika kwenye ulemavu wa akili kwa penseli. Halafu akafuta, kwa sababu anamfundisha na anajua kwamba si kweli. Juu ya meza ile ile palikuwa na daftari la adhabu, na humo jina la mwanangu halikukosa nafasi.

Nikashauriwa nijaribu kitengo cha elimu maalumu katika shule nyingine ya manispaa. Walimu wa kitengo walimpokea vizuri, wakampa kitabu, akasoma. Wakaniambia kwa masikitiko kuwa kitengo chao ni cha watoto wenye ulemavu wa akili, na kwamba mtoto anayesoma kwa ufasaha huo wangekuwa wanamrudisha nyuma. Walisema kweli. Basi ndipo alipo: kwa shule ya kawaida amezidi, kwa kitengo hajafikia, na katikati hapajajengwa kitu.

Waheshimiwa, sheria za nchi hii hazikuliacha wazi pengo hilo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaueleza ulemavu kuwa ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki katika maisha ya kawaida ya jamii kwa usawa na wengine kutokana na sababu za kimwili, za kiakili au za kijamii. Sijui ni maelezo gani mengine yangemfaa zaidi mtoto aliyekaa barazani akichora mavumbini wakati wenzake wanasoma. Sheria hiyo hiyo inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu, na apewe huduma za kumsaidia kujifunza kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Tumekuwa na mikakati ya taifa ya elimu jumuishi tangu mwaka 2009, na wa karibuni ni ule wa 2021/22 hadi 2025/26. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Lazima hiyo naijua inavyomfunga mzazi, maana mtendaji wa mtaa hachelewi kuuliza mtoto asipoonekana shuleni. Ninauliza inaifungaje shule.

Kuna kipindi mambo yalikwenda vizuri, na ningependa mkiangalie kwa makini kuliko malalamiko yangu. Mwalimu wake wa darasa la kwanza, katika shule ya kwanza, hakuwa amesomea elimu maalumu. Alimtoa dirishani akamkalisha mbele, upande wa ukuta. Maelekezo alimpa moja moja. Alipoona mguu unaanza kutikisika alimtuma kitu: lete chaki, futa ubao, peleka daftari hili kwa mwalimu wa zamu. Kisha akamkabidhi kengele ya shule, ambayo ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, akamwonyesha saa ya ukutani na kumfundisha kusoma muda. Mtoto ambaye hawezi kusubiri zamu akawa analinda dakika za shule nzima. Jioni mwalimu aliandika mstari mmoja kwenye daftari dogo lililokuwa likienda na kurudi kati yake na mimi: leo amevuka vipindi vitatu bila ugomvi, leo amempiga mwenzake wakati wa uji, alisukumwa kwanza. Muhula ule wote sikuitwa ofisini.

Mwalimu yule alihamishiwa wilaya nyingine, na uhamisho wake ulikuwa wa kweli. Aliyempokea darasa hakuwa na karatasi hata moja ya kumweleza habari za kengele, za ukuta wala za daftari. Aliona mtoto anayeinuka bila ruhusa kwenda kupiga kengele, akamwadhibu. Hakuwa mkatili, alifanya alichokijua. Maarifa yote yaliyokuwa yamepatikana kuhusu mtoto huyu yalikuwa yamehifadhiwa kichwani mwa mtu mmoja, yakaondoka naye.

Ombi langu kubwa linatoka hapo. Ninaomba pawepo mpango wa maandishi wa kumsaidia mtoto mwenye matatizo ya tabia, mpango wa kurasa mbili tu, unaoandikwa na mwalimu wa darasa pamoja na mzazi na mwalimu wa malezi na unasihi: kinachomchokoza, kinachomtuliza, akae wapi, apewe kazi gani anapomaliza mapema, aende kwa nani anapohisi hasira, na nani azungumze na nyumbani. Mpango huo uwekwe kwenye jalada lake na uingizwe kwenye kumbukumbu zake za PReM, ili akibadilisha mwalimu au shule umfuate. Leo hii kinachomfuata mtoto wangu ni sifa, na sifa hutangulia kufika.

Kabla ya mpango kuna utambuzi, na hapa ninawaomba sana msije mkatuwekea sharti la cheti cha daktari bingwa. Wataalamu wa afya ya akili ya watoto ni wachache na wamejikusanya katika hospitali kubwa, kama Muhimbili, Mirembe, KCMC na Bugando. Mzazi wa Malinyi au wa Kilosa anayeambiwa alete cheti kwanza ameambiwa kwa adabu kuwa asirudi. Mwalimu anapoona tabia inayojirudia ajaze karatasi ya matukio, yenye kilichotangulia, kilichotokea na kilichofuata, aikabidhi kwa mwalimu wa unasihi, na hatua ndogo ndogo za darasani zianze siku hiyo hiyo. Zikishindikana, karatasi iende kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye awe na wajibu, ndani ya muhula huo huo, wa kuwaketisha pamoja mzazi, mwalimu, afisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya. Watu hao wote tayari wanalipwa mshahara na serikali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwishaipa serikali ya mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Kinachokosekana ni agizo la kuwakutanisha na tarehe ambayo mtu ataulizwa ikipita.

Kuhusu uhamisho, naomba pawekwe kizuizi kimoja. Mwanafunzi ambaye jina lake limeonekana mara kwa mara katika daftari la adhabu asihamishwe kwa ombi la mzazi mpaka afisa elimu kata azungumze na mzazi huyo peke yake, mwalimu mkuu asiwepo, amuulize kama kweli anahama nyumba. Sababu iandikwe ilivyo. Mkipata takwimu hizo kwa mwaka mmoja mtajua ukubwa wa jambo ninalowaeleza, na mimi sitakuwa na haja ya kuwashawishi.

Kuna msukumo mwingine nyuma ya uhamisho ambao watu hawapendi kuutaja ofisini. Mwakani mwanangu atakuwa darasa la nne, na darasa la nne lina Upimaji wa Taifa. Ni kweli kwamba Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, na lilifanya vyema, ila vikao vya tathmini huku chini havijaacha kuzipanga shule kwa wastani, na mwalimu mkuu ambaye shule yake imeshuka husimamishwa mbele ya wenzake ajieleze. Mtoto anayeweza kuvuruga chumba cha mtihani ni hatari kwa wastani huo hata kama yeye mwenyewe angefaulu. Watahiniwa wasioona hupewa muda wa nyongeza na maandishi ya nukta nundu, na hakuna anayesema wamependelewa. Mtoto mwenye tatizo la utulivu angehitaji chumba chenye watu wachache na ruhusa ya kusimama katikati ya karatasi. Sioni kwa nini mwenye mpango wa maandishi asiweze kuombewa hilo.

Sasa fimbo. Najua ninaingia mahali ambapo wengi wenu, na wazazi wenzangu wengi, hatutakubaliana, kwa hiyo sitaomba ifutwe kwa watoto wote katika barua hii, ingawa hilo ndilo ningependa. Nitaomba tu kanuni zenu zifuatwe. Kanuni za adhabu ya viboko zinaweka ukomo wa viboko vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe katika daftari. Katika shule zetu viboko hutolewa na yeyote mwenye fimbo, mlangoni, mstarini, kwa kuchelewa au kwa kutokujua jibu. Na Sheria ya Mtoto, kifungu cha 13, inasema kwamba hakuna adhabu ya kumrekebisha mtoto inayohalalika ikiwa imepita kiasi kwa kuangalia umri wake na hali yake ya mwili na akili, wala haihalaliki ikiwa mtoto hawezi kuelewa lengo lake. Mtoto anayerusha kitu kabla ya kufikiri, kisha akachapwa saa moja baadaye mbele ya darasa, anaelewa kwamba amechapwa. Haelewi zaidi ya hapo, na siku ya pili anarusha tena, ndipo fimbo inapoongezwa. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa mkoba. Taifa lilihuzunika, kesi ikaendeshwa, na kanuni zikabaki zilivyokuwa. Ninaomba waraka mmoja wa Kamishna: mtoto aliye katika utaratibu wa kuchunguzwa au mwenye mpango wa maandishi asichapwe kwa tabia inayotajwa ndani ya mpango huo.

Walimu nao wapewe kitu mkononi badala ya kunyang'anywa fimbo wakaachwa hivyo. Kuna utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana hapo hapo shuleni wakajadili ufundishaji wao. Wekeni ndani yake moduli ya tabia: namna ya kuona dalili kabla ya mlipuko, namna ya kumsifu mtoto papo hapo kwa jambo mahususi alilolifanya, namna ya kuzungumza naye akiwa amekwishatulia, kwa nini kumbishia mtoto aliyefura mbele ya wenzake hakujawahi kumtuliza. Wapo watu nchini wanaoyajua haya vizuri. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Meru, kimekuwa kikitoa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi, na KCMC imekuwa ikifundisha wataalamu wa tiba kazi, ambao kazi yao ni pamoja na kumsaidia mtoto kuumudu mwili wake na mazingira yake. Wanachuo wa Patandi wanapopangiwa mazoezi ya kufundisha, sehemu yao wapelekwe kwenye madarasa ya kawaida yenye watoto kama hawa, wakae kama yule mtu mzima wa pili ambaye hakuwepo siku ya kichongeo. Vivyo hivyo walimu wa kujitolea, ambao shule nyingi tayari wanao na wazazi ndio tunaowachangia posho.

Kwa upande wa fedha nitasema machache. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Kwa kiasi hicho hakuna mwalimu mkuu atakayeweza kununua hata kabati la mafaili ya watoto wenye mahitaji maalumu baada ya kulipa umeme na chaki. Shule yenye wanafunzi wenye mipango ya maandishi iongezewe ruzuku kwa kila mmoja wao, ili kumpokea mtoto kama huyu kusiwe hasara kwa shule. Kwa sasa shule inayomwondoa na ile inayombeba zinapata sawa.

Wazazi tunaopitia haya tunajuana, kwa kuwa tunakutana kwenye mabenchi ya kliniki na kwenye ofisi za shule tunazohamia. Wengi wameambiwa wamemdekeza mtoto, wengine wameshauriwa wampeleke akaombewe au akaaguliwe, na wapo waliomwacha nyumbani kimyakimya kwa sababu wamechoka kuitwa. Mimi ninaweza kuandika barua na kuzisoma sheria. Mama ninayekaa naye benchi moja, anayeuza mchicha sokoni na ambaye binti yake hung'ata watu, hana muda huo, na mtoto wake ameacha shule tangu mwaka jana bila mtu yeyote kutoka shuleni kwenda kuuliza.

Mwanangu bado ameandikishwa katika shule yake ya pili. Fomu ya uhamisho ninayo mezani, imejazwa kila kitu isipokuwa saini yangu na sababu, na nimeombwa niirudishe kabla ya shule kufungwa mwezi Desemba. Sitaitia saini. Nimemwandikia mwalimu mkuu kuomba kikao pamoja na mwalimu wa darasa na afisa wa elimu maalumu, nikaambatanisha cheti cha daktari na kurasa mbili za mpango nilizoziandaa mwenyewe kwa kufuata yale aliyoyafanya mwalimu wake wa darasa la kwanza. Amenijibu kwa uungwana uleule kwamba hana mwongozo unaomruhusu kuukubali mpango wa namna hiyo, wala unaomkataza, na kwamba anasubiri maelekezo kutoka juu.

Waheshimiwa, juu ni kwenu. Naomba maelekezo hayo yatolewe kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu
Manispaa ya Morogoro

Nakala: Mkurugenzi wa Manispaa, Afisa Elimu Awali na Msingi, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule.